Mkono wa Koti Jekundu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Konokono alifagia chini ya cherehani ya mama yake. Vipande vikubwa vya kitambaa aliviweka kapuni. Vidogo alivihifadhi kwa kujazia mito. Mama yake, fundi cherehani, hakutupa hata uzi. "Haba na haba hujaza kibaba," alisema, na binti akazoea kuokota kila kitambaa alichokiona njiani.

Jina la Konokono alipewa na wenzake kwa sababu alikimbia umati. Penye harusi alijificha jikoni. Kengele ya shule ilipolia, alingoja hadi lango liwe tupu.

Juma lile alifagia bila kuona alichokifagia. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa amelazwa zahanati, akitapika na kuharisha. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja, wote wanywaji wa maji ya bomba moja. Konokono hakulia. Alikula asijue ladha ya chakula. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu.

Mtunza bomba aliitwa Mkono Mmoja. Hakuwa na kilema. Jina lilitokana na koti lake jekundu, ambalo mkono wake mmoja aliukata ili uwe alama. Maji yalipoharibika, aliufunga bombani, na mtaa mzima ulijua kuwa hakuna kuteka. Mara hii pia, mfereji ulipopasuka na uchafu kuingia, aliapa kwamba aliufunga mkono huo ndipo akaenda kumtafuta fundi wa mabomba.

"Basi alama iko wapi?" watu walimcheka. "Imemezwa na ardhi?"

Konokono alijua ilipo. Alfajiri mfereji ulipopasuka, kukiwa na upepo, aliikuta hatua kumi kutoka bombani, imejaa matope hata rangi haionekani. Aliiokota kwa mazoea, akateka maji, akaenda zake. Jioni aliifua gizagiza, akaikata, akaishona iwe mfuko wa nje wa mkoba wake wa shule. Kesho yake mdogo wake alipoanza kutapika, ndipo alipouona wekundu wa kitambaa na tundu la kifungo pembeni mwa mfuko. Alielewa. Akanyamaza siku nne.

Jumamosi uliitishwa mkutano wa hadhara katika kiwanja cha mpira, ili mtaa uamue kumfukuza mtunza bomba. Asubuhi hiyo Konokono alipita karibu na kibanda chake, akamkuta anakunja godoro.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Konokono aligeuka. Alirudi nyumbani, akachukua wembe. Mama yake, aliyekuja kubadilisha nguo za mgonjwa, alimkuta akifumua mfuko.

"Unafumua nini?"

Binti alimwonyesha. Mama alikipapasa kitambaa, akaketi taratibu.

"Nipe nikipeleke mimi."

"Nilikiokota mimi, mama."

Mama aliinuka. "Basi vaa viatu."

Kiwanja kilifurika. "Aondoke! Aondoke!" watu waliimba, na kipaza sauti kikapiga yowe. Mvulana wa darasa lao alipaza sauti: "Jamani, konokono katoka gambani! Leo itanyesha!"

Mabega yalimsukuma Konokono huku na huko. Hofu aliyoizoea haikuja. Hakuna kitu kilichokuja. Alitazama visigino vya mama yake tu, akavifuata mpaka jukwaani.

"Mtoto, umepotea?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana. Nimeleta alama. Upepo uliiangusha, nami nikaiokota. Nilipoitambua, nikanyamaza."

"Katumwa huyo!" mtu alipiga kelele.

Mama alipanda jukwaani. Aliomba koti la mtunza bomba, akakilinganisha kitambaa na mkono uliobaki: tundu kwa tundu, mshono kwa mshono.

"Nimeshona miaka ishirini," alisema. "Nilidanganywa na wateja, kitambaa hakijawahi kunidanganya. Alama ilifungwa, nasi tulimsingizia mtu."

Mwenyekiti alivua kofia, akamwomba radhi mtunza bomba mbele ya watu wote. Ikaamuliwa kwamba alama mpya iwe bati jekundu lenye mnyororo, lisilopeperushwa na upepo wala kuokotwa na mtoto.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Konokono.

"Mama, inauma."

"Mguu wenye ganzi ukiamka huuma kwanza," mama alisema. "Acha uume."

Juma lililofuata mdogo wake aliruhusiwa kurudi nyumbani. Konokono alimwunganishia mzee mkono wa koti kwa viraka. Ulitoka mfupi kuliko mwenzake.

"Sasa wataniita Mkono na Nusu," mzee alicheka, kisha akamkazia macho. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuiokota ile alama hakukuwa kosa lako. Lilikuwa la upepo, na langu niliyefunga fundo legevu. Lakini zile siku nne za kunyamaza ni zako peke yako. Ukweli ukiuficha, huumia asiye na hatia. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, babu."

"Haya, nishonee na kifungo."