Migebuka Walioahidiwa

Akitoka shule, Tunu hakupitia mlango wa mbele wa mgahawa wa mama yake. Mbele walipita wateja, wakaenda kwenye dirisha la jikoni, wakaagiza na kusubiri. Yeye alizunguka nyuma, akatupa begi, akafunua sufuria na kujipakulia. Mtu wa nyumbani aulize dirishani, kwani ni mgeni? Shangazi zake nao walifanya vivyo hivyo walipokuja mjini Kasulu kutoka Kitahana, na mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Tunu, hakuweza kumkatalia ndugu chakula. Alinung'unika tu alipogundua kwamba sahani ya mteja imeshaliwa. Mtanitia aibu siku moja, alikuwa akisema, huku akimwongezea binti yake mchuzi.

Mwaka huo wa 2014 Tunu alikuwa darasa la sita, na mgahawa ulikuwa umepata kitu kipya. Baba yake mdogo, Nurudini, aliyesomea kompyuta Mwanza, alikuwa ameunganisha simu na kompyuta kuukuu pale kaunta. Watu wa maofisini walituma ujumbe kuuliza chakula kilichopo, kompyuta ikawajibu yenyewe, nao wakiagiza, bodaboda aliwapelekea. Nurudini alimpenda Tunu kupita kiasi. Alimfundisha kuandika programu kama wengine wanavyofundisha watoto kuendesha baiskeli, akikimbia pembeni na kucheka kila alipoanguka.

"Programu hii nimeijenga kama mgahawa wenyewe," alimweleza. "Mbele kuna Dirisha, linazungumza na wateja. Katikati kuna Jiko, ndilo linalofanya kazi. Nyuma kabisa kuna Stoo, inatunza vitu. Dirisha linaliuliza Jiko, Jiko linaangalia Stoo. Tumeshakubaliana swali linaulizwaje na jibu linarudije. Hata oda ninazoingiza mimi hapa kaunta zinapitia Jiko hilohilo. Kesho nikiipanga Stoo upya, Dirisha halitajua wala halitasumbuka."

Tunu alielewa, au alidhani ameelewa. Kilichomkera ni kwamba Jiko lilikuwa zito. Mteja aliuliza kama kuna samaki, akangoja hadi akachoka, akapiga simu kulalamika. Basi Nurudini aliposafiri kwenda Kibondo kutengeneza kompyuta za watu, akamwachia Tunu kazi ya kuangalia mashine, binti akapata wazo. Kwa nini Dirisha liliulize Jiko, wakati Stoo iko palepale? Akaandika mstari mmoja tu, Dirisha likachungulia Stoo moja kwa moja. Majibu yakaanza kutoka papo hapo. Tunu alijiona fundi kweli kweli, akapanga kumshangaza baba yake mdogo.

Nurudini alirudi Ijumaa jioni akiwa amechoka, akaenda kulala. Jumamosi asubuhi basi la Kigoma lilileta beseni la migebuka, samaki wa ziwani wanaopendwa mno Kasulu. Migebuka wote hao walikuwa wameahidiwa. Mwalimu Ildefonsi wa chuo cha ualimu alikuwa na wageni wa semina, na alisema wazi kwamba chakula kikiwafaa, semina zote zijazo Mama Tunu ndiye atakayepika. Nurudini alikuwa ameiingiza oda hiyo kaunta kabla ya safari. Mama Tunu alikuwa akiiombea nafasi hiyo tangu afungue mgahawa. Siku hiyo alifunga kanga mpya, akakaanga samaki huku akiimba.

Oda za maofisini nazo zikaanza kuingia, na Tunu na msichana wa jikoni, wasiojua ahadi ya chuo, waliiamini kompyuta. Kila Tunu aliposoma kwenye kompyuta kwamba fulani anataka wali na mgebuka, msichana wa jikoni alipakua na bodaboda akaondoka. Mama Tunu alikuwa nje akihangaika na mkaa. Aliporudi kupanga chakula cha chuo, nusu ya beseni ilikuwa imekwenda.

Alikaa juu ya gunia la mchele. Kisha akamgeukia Nurudini, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, na ulimi wake ukawa mkali. Alimwambia kompyuta yake imemuua, na kwamba aiondoe mbele ya macho yake kabla hajaitupa barabarani. Nurudini aliinama juu ya mashine, akisema pengine amekosea mwenyewe alipokuwa akiunda Jiko, na kwamba atakwenda kumwomba Mwalimu Ildefonsi radhi.

Tunu angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alimtazama baba yake mdogo akibeba aibu isiyo yake, na roho ikamuuma kuliko fimbo.

"Ba'mdogo si yeye," alisema. "Ni mimi. Nililiambia Dirisha liangalie Stoo bila kuliuliza Jiko. Nilitaka liwe na haraka."

Nurudini alifungua programu, akauona ule mstari. Akamkalisha karibu naye.

"Stoo inajua samaki wangapi wapo, mwanangu. Haijui wameahidiwa nani. Anayejua ahadi ni Jiko, ndiyo maana linachelewa. Linapiga hesabu ya ahadi zote kabla ya kujibu."

Mama Tunu, aliyekuwa akisikiliza, akaguna. Alisema basi hiyo ndiyo tabia ya nyumba hii nzima, kupita nyuma na kuchota chungu cha watu. Halafu, maskini, akacheka kidogo, maana alikumbuka nani aliyewazoeza.

Hawakungoja saa ya chakula. Nurudini aliurudisha mstari kama ulivyokuwa, wakapanda bodaboda na Tunu hadi chuoni. Mbele ya Mwalimu Ildefonsi Tunu alieleza mwenyewe kwamba samaki hawatatosha na kosa ni lake. Akasema mama anaweza kujazia na maharage ya mawese na sombe, yaani kisamvu. Mwalimu alijikuna kidevu. Kisha akasema heri aambiwe sasa kuliko kuaibika mezani na wageni wake, na sombe ya Mama Tunu anaijua. Wageni walikula, na sombe ndiyo iliyoombwa tena. Jioni Mwalimu alipita dirishani pa mgahawa, akaagiza chakula cha semina inayofuata.

Jumatatu basi la Kigoma lilileta migebuka wengine, na Tunu alitoka shule na njaa yake. Miguu ilitaka kuzunguka nyuma kwa mazoea, akaizuia. Alipita mbele, akasimama dirishani.

"Shikamoo mama. Kuna mgebuka?"

"Marahaba. Amebaki mmoja," alijibu Mama Tunu kwa sauti ya biashara, kana kwamba hamjui. "Lakini ameahidiwa mtu."

Tunu alimwona pale sahanini, mnono, amekauka vizuri. Zamani angeshamchukua. Alimeza mate, akaomba maharage.

Mama yake aliegemea dirisha, uso ukalainika.

"Ukiona kitu kipo, usidhani ni chako kwa sababu mkono unafika. Muulize anayejua ahadi yake. Na ukishakosea, sema mapema kama ulivyosema Jumamosi, kosa litatengenezeka. Sasa niulize."

"Ameahidiwa nani, mama?"

"Binti yangu," alisema Mama Tunu, akiisukuma ile sahani. "Nilijua leo atapita mbele."