Doa Kwenye Anga Tupu

Doa lenyewe lilikuwa dogo, la kama punje ya dengu, ila lilikaa mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Mtafiti alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta. Likabaki palepale.

Kazi yake, kwa maneno mepesi, ilikuwa kupima joto la hewa ya sayari iliyo mbali kupita kiasi. Darubini yao huona joto badala ya mwanga. Tabu ni kwamba kila chenye joto hung'aa humo, hata darubini yenyewe. Kwa hiyo wanapiga picha ya sayari, wanaisogeza darubini kidogo, wanapiga anga tupu ya jirani, halafu wanatoa picha hii kwenye ile. Kinachobaki ndicho cha sayari. Sasa doa lile lilikuwa kwenye picha zote mbili, maana yake lilikuwa hapahapa, ndani ya jengo.

"Uchafu tu huo," alisema mumewe, fundi wa darubini hiyohiyo. "Litoe bwana, usinitafutie kazi."

Akalitoa. Chumba kikanuka chuma kilichoungua, na mumewe akarudi nyumbani anatetemeka, jua linawaka.

Hawa watu wa vipimo nao, kitu wakishakizoea hawakiulizi tena. Kila picha alitoa doa, na kila siku fundi aliongeza blanketi. Hospitali hawakuona ugonjwa. Ngozi yake ilipoa kama sahani iliyotoka kuoshwa, na mkewe alipomkumbatia alisikia ndani ya kifua kile mvumo mwembamba, wa moto unaovuta hewa. Aliogopa kufiwa, akawa analia bafuni, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Mama mkwe ndiye aliyemvuta jikoni na kufunga mlango.

"Mwanangu, huko kazini unamfukuza nani?"

"Simfukuzi mtu, mama. Natoa doa tu kwenye picha."

"Lina umbo gani?"

Hakujua. Hakuwahi kulikuza.

"Kila ukilitoa huko, mumeo anapoa huku," mama mkwe alinong'ona. "Linatafuta pa kukaa. Liache, nakuomba. Sina mtoto mwingine."

Akarudi ofisini mbio, akazifungua picha za mwanzo, zile ambazo hazijatolewa kitu, akalikuza doa, na punje ile ikaota kichwa, kisha mabega, kisha mikono mirefu inayofika magotini, na kadiri alivyosonga kutoka picha moja hadi nyingine kile kichwa kilikuwa kinageuka, polepole, kikiiacha sayari, kikiiacha anga, mpaka kwenye picha ya mwisho kilikuwa kinamtazama yeye. Akafuta hesabu zote alizofanya, akalirudisha doa kila mahali alipolitoa.

Picha mpya ikaingia. Ilikuwa safi, haina doa wala alama. Harufu ya chuma nayo ilikuwa imekwisha. Simu ikaita.

"Njoo nyumbani," alisema mumewe. "Nimepona."

Alilia kwa furaha njia nzima. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye korido, kanga mdomoni, hataki kuingia chumbani. Fundi alikuwa ameketi kitandani anatabasamu, mashavu yamerudi. Akamshika mkewe mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, moto kweli.

Juu ya kabati ilikaa kamera ndogo ya joto, ile ambayo fundi huitumia kutafuta mahali joto linapovuja kwenye darubini; chenye moto huonekana cheupe, cha baridi cheusi. Mtafiti akaichukua kwa mkono uliobaki, akaielekeza kitandani.

Aliyeketi alionekana mweupe kwa joto, mikono yake ikifika magotini. Chini yake, kwenye godoro, alilala mtu mweusi kwa baridi, baridi kama ya ukuta, mdomo wazi.

"Mbona unaniangalia hivyo?" iliuliza sauti ya mumewe, na vidole vya moto vikambana zaidi. "Si umeniacha nikae?"