Hesabu ya Mita ya Sabini

Vumbi lilipoanza kutulia, kitu cha kwanza Godelieve alichosikia ni mashine. Ilikuwa bado inahesabu. Tak. Halafu kimya. Halafu tak.

— Hilaire?

— Niko. Usisogee. Ngoja niwashe lampi.

Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikashika. Mwanga wa lampi ya karbiri ulionyesha jambo ambalo masikio yao yalikuwa yamekwisha kujua. Pale walipopita asubuhi, mita hamsini kutoka mlangoni, palisimama ukuta wa mawe, udongo na miti iliyovunjika. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata mkono.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, Jumanne, mwezi wa saba wa mwaka 1966, ndani ya galeri ya zamani, shimo lililochimbwa kuingia mlimani kutafuta kasiteriti, jiwe la bati, karibu na Kibua, katika Walikale. Mgodi ulikuwa umeacha kuchimba humo siku nyingi. Aliyelihitaji shimo hilo sasa alikuwa profesa mmoja wa Ulaya, aliyeleta mashine yake kwa kamyo, akakaa majuma matatu, akarudi kwao. Kazi akamwachia Hilaire, kijana wa Burungu kule Masisi, aliyesoma hesabu na fizikia kwa mapadri. Hilaire akamwajiri Godelieve kuandika hesabu kwenye buku, maana alikuwa binti wa pale pale Kibua na mwandiko wake ulikuwa safi.

Baba yake Godelieve, Papa Athanase, mwindaji, aliwahi kuuliza mashine inahesabu nini humo gizani. Godelieve alimweleza kwamba kuna chembe ndogo sana zinazoshuka kutoka juu angani usiku na mchana, wenyewe wanaziita mezoni. Zinapita ndani ya nyumba, ndani ya nyama ya mtu, hata ndani ya jiwe. Nyingi zinachoka njiani, chache zinafika chini. Profesa anataka kujua ni ngapi zinafika, na jiwe likizidi unene zinapungua namna gani. Papa Athanase alisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi si mbaya, ila huyo kijana wa Masisi asifikiri kwamba pamoja na mezoni atamhesabu na binti yake kuwa wake.

Alikuwa amechelewa. Mwaka ule wote walikuwa wanapendana.

Hilaire alivua koti, akampa, akaanza kung'oa mawe kwa mikono. Kila alipotoa moja, mawili yalishuka kutoka juu. Godelieve alimshikia lampi. Moto ulipofifia, alitia mkono katika mfuko wa koti kutafuta kiberiti kingine, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliifungua akidhani ni ukurasa wa hesabu.

“Musiyo Hilaire. Nimeangalia miti ya galeri kuanzia mita ya arobaini mpaka hamsini. Imeoza. Ninaomba mufunge mpaka tutie mingine. Musiingize muntu ndani. Mimi kapita Nzabandora.”

Nzabandora alikuwa kapita, msimamizi wa kazi mgodini, na kuangalia miti kulikuwa juu yake. Godelieve aliisoma mara mbili.

— Hii barua ni ya lini?

Hilaire aliacha mawe. Hakugeuka.

— Godelieve, nisikilize.

— Ni ya lini?

— Iko na siku kumi na tisa.

— Siku kumi na tisa. Na kila asubuhi unaniambia, tuingie.

— Nilikuwa naingia pamoja na wewe.

— Wewe ulikuwa unajua. Mimi sikujua. Hayako mambo moja.

Alikaa chini. Hilaire alianza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mengi. Profesa alikuwa ameandika kwamba hesabu zikikamilika kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, atamwombea bursi, pesa za kusoma miaka miwili katika universite ya kwao. Kufunga galeri kungekula mwezi mzima. Alimwambia Nzabandora kwamba hesabu zimekwisha, kwamba anaingia mara moja moja tu, peke yake, kukusanya vyombo. Kapita akamwamini.

— Na mimi? Hiyo bursi ilikuwa na nafasi yangu?

— Nilitaka tufunge ndoa mbele ya kuondoka. Papa yako alinikataa juu sina kitu. Nilifikiri nikiwa na diploma…

— Ungemuoa nani na hiyo diploma? Maiti?

Godelieve aliikunja barua kama ilivyokuwa, akaitia kifuani mwa nguo yake. Kisha akapuliza lampi, maana moto ulikuwa unakula hewa yao, na hakutaka kumwona.

Walikaa gizani muda mrefu. Maji yalidondoka mahali fulani. Wakati mwingine udongo ulimwagika kule kwenye ukuta, na kila mmoja alisikia mwenzake anashika pumzi. Hilaire aliomba msamaha, akaomba tena. Alisema baridi imezidi, akamsihi avae koti. Godelieve alisema hataki kitu chake. Alifikiria mama yake, ambaye saa ile alikuwa shambani anapanda muhogo bila kujua. Alifikiria pia kwamba, kama watafia humo, watu watawazika pamoja na kuwalilia kama wapendanao, na yeye hatakuwa na kinywa cha kukataa. Hilo lilimtesa kuliko kifo chenyewe.

Nyuma yao, kwenye mita ya tisini, mashine iliendelea. Kwa mazoea tu, bila kutaka, Godelieve alihesabu. Mlio mmoja hivi kwa dakika, kama sitini kwa saa. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali katika sehemu ile ya galeri, maana jiwe la juu lilikuwa na unene ule ule. Kila mahali, isipokuwa mahali pamoja.

— Mita ya sabini, alisema.

— Nini?

— Mwezi wa tano tulipima kwa mita ya sabini. Nilipata makumi nane na tano kwa saa. Ulifuta.

— Ile hesabu ilikuwa mbaya. Ilikuwa inaharibu mustari wote wa mchoro wa profesa.

— Nilipima mara tatu, Hilaire. Mara tatu, makumi nane na kitu. Uliniambia mashine ilishika unyevu. Haukukuja hata kuangalia. Ulichukua kalamu, ukafuta.

Godelieve alimsikia Hilaire anageuka gizani kumwelekea.

— Kama zinafika nyingi, alisema Hilaire polepole, njo kusema jiwe la juu ni pungufu.

— Njo nilikuambia mwezi wa tano.

— Karte ya mgodi inaonyesha jiwe zima mpaka juu.

— Karte iliandikwa na muntu. Mezoni hazisome karte.

Waliwasha lampi. Hilaire alichukua mtalimbo waliokuwa wakitumia kuegemeza meza ya mashine, wakapima hatua kutoka tisini kurudi sabini. Ukuta ulionekana kama ukuta mwingine wowote, udongo mwekundu umekauka juu ya mawe. Hilaire aligonga juu na chini. Upande wa kulia, karibu na dari, mlio ulibadilika. Alikwangua udongo, zikatokea mbao.

Zilikuwa mbao nene, nyeusi kwa uzee, zimepigiliwa kuziba tundu la upana wa mlango mdogo. Ni njia ambayo wachimbaji wa zamani waliitumia kuteremshia mawe kutoka chumba cha juu. Walikimaliza chumba, wakaiziba, wakasahau, na hakuna aliyeandika.

Hilaire alivunja ubao wa kwanza, kokoto zikamiminika hadi magotini. Godelieve alimpisha, kisha akaona mikono yake inavuja damu, akamnyang'anya mtalimbo na kupiga mwenyewe. Walipokezana hivyo. Kokoto zilipokwisha, hewa ilishuka juu yao, hewa ya baridi yenye harufu ya majani.

— Panda wewe kwanza, Hilaire alisema. Ikianguka, ianguke juu yangu.

Alipanda. Haikuanguka. Juu kulikuwa na chumba kikubwa, na mwisho wa chumba mstari wa mwanga mwembamba kama uzi, mahali ambapo mlango wa zamani ulikuwa umefunikwa na udongo na mizizi. Godelieve aliweka kinywa pale, akamwita baba yake kwa jina lake lote.

Papa Athanase na wanaume wa Kibua walikuwa upande wa pili wa mlima tangu asubuhi, wakichimba kwenye mlango mkubwa pamoja na kapita Nzabandora. Mwanamke aliyekuwa anakata kuni ndiye aliyesikia sauti inatoka ardhini, akakimbia kuwaita. Kabla ya saa kumi, jua likiwa bado juu, walimtoa Godelieve, kisha Hilaire.

Hapo ndipo shida ya pili ilipoanza. Papa Athanase alimshika Hilaire mabega yote mawili mbele ya watu.

— Mutoto wangu, nilikukataa. Leo umemutoa binti yangu ndani ya mulima. Nani nitamungojea tena? Leta wazee wako.

Wanawake walipiga vigelegele. Hilaire alimtazama Godelieve, Godelieve akamtazama yeye, akingoja aseme. Hilaire akainamisha kichwa, akasema asante Papa.

Godelieve alijikuta amefungiwa tena, na safari hii bila mawe. Mama alikuwa anamlilia begani, mashangazi walikuwa wamekwisha kuanza kupanga pombe ya ndizi, na barua ilikuwa inamkwaruza kifuani.

Alhamisi mkubwa wa mgodi alifika kwa jipi. Alitaka kujua ni nani aliyeacha watu waingie chini ya miti iliyooza. Akamtazama Nzabandora, mtu mwenye mke na watoto saba, akasema kazi ya kapita ni kuangalia miti, na asiyeiangalia arudi kwao. Nzabandora alieleza kwamba aliandika barua. Mkubwa akauliza barua iko wapi. Hilaire alikuwepo. Alisema haikumbuki vizuri.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Godelieve alimkuta Hilaire amekaa kando ya mto.

— Barua iko kwangu, alimwambia. Ninaweza kuipeleka kesho asubuhi. Sitaki. Nataka uipeleke wewe.

— Nikiipeleka, bursi imekwisha. Papa yako naye imekwisha. Nitapoteza vyote siku moja.

— Nzabandora atapoteza nini? Ule alikuandikia vizuri, na adabu yote.

— Godelieve, si tumepona?

— Mimi sijapona. Niko ndani bado.

Alimwekea barua kwenye goti, akaondoka. Usingizi haukumjia, maana Hilaire angeweza kuichana, naye alilijua hilo alipomwachia.

Ijumaa asubuhi Hilaire alisimama mbele ya jipi, wanaume wote wakiwapo, akaisoma barua kwa sauti. Kisha akasema siku aliyoipokea, idadi ya siku alizoificha, na kwamba kila asubuhi alimwingiza Godelieve ndani bila kumwambia. Hakuongeza neno la kujitetea. Nzabandora alivua kofia yake, akaivaa tena. Papa Athanase hakupiga kelele. Alimwambia Hilaire aondoke Kibua kabla jua halijafika kichwani, maana baada ya hapo asiulizwe mikono yake mwenyewe itafanya nini.

Alitembea kwa miguu kurudi Masisi. Bursi ilikufa. Nzabandora alibaki na kazi yake, akatia miti mipya, na mashine ikakabidhiwa kwa Godelieve. Yeye aliandika upya ukurasa wa mwezi wa tano, akairudisha hesabu ya mita ya sabini mahali pake, akamwelezea profesa sababu yake. Profesa alijibu kwamba mstari wake umeharibika na kwamba anamshukuru. Alituma pia mshahara wa mwaka mzima, kwa jina la Godelieve.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, Hilaire alirudi. Alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi kule Burungu. Alikuwa amekonda, na hakuleta wazee wala zawadi. Alisimama nje ya uzio, akamwambia Godelieve kwamba hakuja kuomba ndoa, amekuja kuuliza kama anaweza kusimama hapo kidogo.

Godelieve alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya.

— Nina swali moja, alisema. Nimelibeba miezi nane. Kama ningekufa mule na wewe ukapona, ungemwambia Papa nini?

Godelieve aliona jibu zuri linamjia Hilaire usoni, lile ambalo mwanaume yeyote angelitoa, kisha akaona analiacha lipite.

— Ningemwambia mulima ulianguka wenyewe. Ningelia sana, na ningelia kweli. Lakini njo ningesema.

Kisu kilisimama. Godelieve alilia, machozi yakadondokea muhogo, na hakujificha. Kisha alijifuta kwa nyuma ya mkono, akanyanyuka, akafungua mlango wa uzio.

— Ungenijibu vingine, ningekufukuza, alisema. Papa iko ndani. Ingia, umwambie sawasawa vile umeniambia mimi. Usipunguze.

— Atanipiga.

— Inawezekana.

Hilaire aliingia. Godelieve alibaki nje, akisikiliza sauti ya Hilaire inaeleza taratibu mpaka mwisho, bila baba yake kuikatiza. Kisha akamsikia baba yake akiita, kwa sauti nzito, kwamba mtu alete kiti cha pili, kijana akae.