Kibibi cha Mlima Kengele

Jumamosi soko la Querétaro halina adabu; ukisimama, unapigwa vikumbo. Efraín Quiroga alikuwa amesimama katikati ya njia, pua karibu iguse dungusi kakati, mmea wa miiba uliokuwa chunguni.

"Kaka, unamnunua au unamchumbia?"

Aligeuka akamwona muuzaji, Jacinta Olvera: gauni la manjano, nywele zimesukwa mkia mmoja, mikono imejaa alama za miiba.

"Natafsiri majina ya mimea," alisema, aibu ikimjaa. "Kutoka Kihispania kwenda Kiingereza. Naandaa kitabu."

"Na mmea usio na jina kwa Kiingereza?"

"Naupa mimi."

"Makubwa! Kumbe nazungumza na mtu mzito."

Moyo wa Efraín ulikwenda siku hiyo hiyo. Aliporudi kwao Tucson, ng'ambo ya mpaka, simu hazikulala.

"Umeamkaje, mwiba wangu?" Efraín aliuliza.

"Nimeamka nakutaka. Njoo, nikuonyeshe kitu ambacho sijamwonyesha mgeni yeyote."

Alikwenda. Jacinta na baba yake wakampandisha mlima ulio nyuma ya nyumba yao. Kati ya mawe palikuwa na vimea vya mviringo, vya kijivu, visivyoota kwingine kokote. Mama yake Jacinta alivitunza mpaka alipofariki, kisha mzee akaendelea.

"Sisi tunakiita Kibibi cha Mlima Kengele," Jacinta alinong'ona.

Watafsirio majina ya mimea wana desturi moja: jina la mmea adimu likitaja mahali, mahali hapo hapaandikwi kitabuni, kwa sababu wezi wa mimea nao husoma vitabu. Efraín aliijua vizuri. Lakini mapenzi yalikuwa yamemlevya, na kulikata jina lile aliona ni kumkatiza Jacinta maneno. Akalitafsiri lote, mlima na yote.

Kitabu kilitoka. Mvua za kwanza zilipoanza, simu ikalia.

"Wamekuja na sururu, Efraín. Wameving'oa."

"Vyote?"

"Hata vichanga. Baba yuko juu mlimani, amekataa kushuka."

Alisafiri bila kulala. Jacinta alimpokea mlangoni, macho yamevimba, wala hakumkaribisha ndani.

"Ulijua wangeweza kuja?"

"Nilijua. Nilitaka jina lifike zima, kama ulivyolitamka."

"Nilikuambia wewe, Efraín. Sikuwaambia wao."

Efraín alilia mbele yake bila kujificha. "Nisamehe, mpenzi. Kubali tuoane hata kwa hasira, nitakaa hapa, nitapanda upya."

"Utapanda nini? Hakuna hata mbegu." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Nimekusamehe. Na nakupenda, usije ukadhani sikupendi. Ila asubuhi nimeona ndege mzuri dirishani, nikashika simu nikuambie, nikaogopa naye utamweka kitabuni."

Jacinta akamfunga kifungo cha kola, maana nje kulikuwa na baridi, kisha akamsukuma taratibu kuelekea kituo cha basi.