Uso Uliovimba Kila Asubuhi

Mjukuu wangu ni fundi wa kuezeka mabati. Jioni akirudi, hata mfuko wa nyundo hajautua, binti yake wa miaka mitatu humrukia shingoni. Mtoto huyo tunamwita Kasuku. Hanyamazi mpaka alale.

Wiki ile fundi alikuwa anaezeka shule. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa kama kioo. Alishinda juu ya paa siku mbili. Siku ya pili alirudi uso unawaka moto. Kulipokucha, uso umevimba. Macho yamebaki nyufa mbili. Midomo imetangulia mbele.

Kasuku alimtazama, akapiga yowe, akajificha nyuma ya gauni langu.

"Bibi, huyu nani?"

"Baba yako."

"Siyo!"

Mke wa fundi akashangaa. "Umeumwa na nyuki?"

"Sijaona hata nzi."

"Au umekula kitu?"

"Nilichokula mimi, na wewe umekula."

"Basi ni jua."

"Jua gani? Nilivaa kofia! Halafu na weusi wangu huu, jua litaniweza wapi?"

Mimi, bibi mjuaji, nikaleta dawa ya meno. Nikampaka uso mzima.

"Mume wangu," nikamtania, "sasa umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa."

Kasuku akalia zaidi.

Jioni uvimbe ukapungua. Tukafurahi. Asubuhi ukarudi, nikampaka tena. Jioni ukapungua tena. Asubuhi huo, umerudi!

"Uvimbe gani huu," nikasema, "unaaga halafu unarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli?"

Fundi hakucheka. "Bibi, mwanangu amenikataa. Uso ukibaki hivi, je?"

Hapo na mimi nikaacha mzaha. Tukaenda zahanati, sote.

Nesi akamtazama. "Nani kakupaka dawa ya meno?"

Mimi nikatazama dari.

"Umeunguzwa na jua," nesi akasema.

"Lakini nilivaa kofia!"

"Kofia ilizuia jua la juu. Jua lililopiga mabati likakurudia kutoka chini. Ndiyo maana umeungua hata chini ya kidevu."

"Na weusi wangu?"

"Weusi unasaidia. Lakini jua likizidi, hata ngozi nyeusi inaungua."

Mke akauliza, "Mbona uvimbe unarudi asubuhi?"

"Ukilala, maji ya uvimbe hukusanyika usoni. Fundi, unalalia mito mingapi?"

"Hata mmoja. Mto ni wa Kasuku."

Nesi akatabasamu. "Lala kichwa kimeinuka. Chovya kitambaa safi katika maji ya baridi, weka usoni dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Usiweke barafu. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Malengelenge usiyapasue. Kunywa maji mengi, kaa kivulini mpaka ngozi ipone. Uvimbe utachukua siku kadhaa. Lakini ukiona homa, usaha, macho yanauma au hayaoni vizuri, au uvimbe unazidi, rudi mara moja. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata kidogo."

Nikampa fundi mto wangu. Mke akampa wake. Mto wa Kasuku hatukuugusa. Nani anataka vita?

Asubuhi ya kwanza uvimbe ulikuwa mdogo. Ya pili, mdogo zaidi. Asubuhi ya nne fundi aliketi kitandani. Kasuku akachungulia mlangoni. Akasogea polepole. Akamgusa pua.

"Baba! Ulikuwa wapi?"

Fundi akampakata.

"Kulikuwa na mtu hapa," Kasuku akaendelea. "Mbaya! Bibi kampaka dawa ya meno, yule mtu kaondoka."

Fundi akacheka mpaka midomo ikamuuma.

Ngozi ilipopona, alirudi kazini. Sasa hupanda paa asubuhi na mapema. Jua likiwa kali, hushuka, hupumzika kivulini, hupanda tena likipoa. Huvaa kofia pana, miwani ya jua na shati la mikono mirefu. Kitambaa chepesi hufunika kidevu hadi puani.

Jioni Kasuku hamrukii ovyo tena. Hukishusha kwanza kile kitambaa. Hukagua pua, hukagua kidevu. Akiridhika, ndipo humrukia.

Na dawa ya meno? Naitumia kwenye meno yangu. Yote matatu.