Namba Mbili Shingoni mwa Mtungi

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Shabaha. Kazi yake hapa nyumbani ni kuwinda panya katika ghala la chakula cha kuku, kwa bunduki ya upepo. Bunduki hiyo hujazwa hewa kutoka kwenye mtungi wa chuma. Mtungi aliuweka nyuma ya mlango wa jikoni, hatua mbili kutoka ninapopikia.

Siku moja nikifagia, niliona mshale wa geji yake ya presha umefika mia tatu. Nikavaa miwani nikasoma shingoni mwa mtungi. Zilikuwa zimegongwa namba mbili: 200 na 300. Nikamuuliza kwa nini ziko mbili.

"Dada, ile ndogo ni ya waoga," akasema. "Chuma kimeandikwa mia tatu, unataka nikibishie?"

Nikamuuliza tena jioni. Nikamuuliza na asubuhi. Mara aseme hewa ni hewa tu, hata puto lina hewa. Mara huu mwaka wa nne anajaza hivyo kwa pampu ya rafiki yake, na mbona tuko hai. Mungu anisamehe, nilitamani kumchapa, na ndevu zake zile.

Nilichoka kusema. Nikahamishia sufuria barazani, nikamwambia sipiki tena mpaka fundi wa mitungi aje. Mchana wa pili njaa ikamshinda. Akapiga simu.

Fundi alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Alitutoa nje sote, akafungua madirisha. Akalegeza koki kidogo kidogo, hewa ikatoka polepole hadi geji ikasoma sifuri. Ndipo akauleta mtungi uani.

"Mia mbili ndiyo ya kujazia, baba," akamwambia Shabaha. "Mia tatu ni ya karakana. Kule tunautia maji, tunausukuma kwa presha hiyo kwa muda mfupi, tuone kama chuma bado kinastahimili. Wewe umeupa mtihani kila siku, tena kwa hewa, na dada yako akiwa pembeni anakoroga mchuzi."

Shabaha akasema mtungi wa rafiki yake hujazwa zaidi ya hapo. Fundi akamjibu kuwa kila mtungi una namba yake. Bunduki nayo ina yake, haipitwi hata mtungi ukiwa na nguvu zaidi. Kisha akatuonyesha tarehe ya kipimo cha mwisho. Miaka tisa imepita, na mtungi wa aina ile hupimwa kila miaka mitano.

Akaondoka nao. Wiki iliyofuata aliurudisha umekatwa vipande viwili, usije ukajazwa tena. Hewa yenye unyevu ilikuwa imeleta kutu ndani, na kutu imekula chuma. Shabaha akapitisha kidole pale palipobaki pembamba kama sarafu. Akakaa chini.

Sasa tuna mtungi mwingine, uliopimwa. Unakaa kibandani, umefungwa usianguke, mbali na moto. Fundi ndiye anayeujaza, mia mbili basi.

Juzi rafiki yake alikuja kumcheka kwa woga. Shabaha hakubishana.

"Wako ulipimwa lini?" akamuuliza.

Rafiki akakiri hakumbuki. Wakautoa hewa polepole, wakaubeba wote wawili kwa fundi.