Kiganja Kwenye Kitambaa Cheupe

Kazi yangu ni kupanda jukwaani na kuwaomba watu walioketi wakae. Mshereheshaji. Kwa kazi hiyo nimezunguka nchi hii na za jirani, nimekula vyakula ambavyo sikuthubutu kuuliza majina yake, nimelala katika hoteli ambazo kunguni wenyewe walikuwa wanaomba wahamishwe. Kitambi hiki ni cha matamasha, si cha nyumbani. Zamani mtu akinisimulia habari za mizimu nilikuwa namuuliza kama imekata tiketi. Siku hizi siulizi.

Haya yalimpata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na mume wake.

Wawili hao walikuwa wakicheza vivuli. Unatandaza kitambaa cheupe kwenye fremu ya mbao, unawasha taa nyuma yake, na katikati ya taa na kitambaa anakaa mtu mwenye vikaragosi vya ngozi vilivyofungwa kwenye vijiti. Mtu huyo alikuwa mdogo wangu. Sauti zote zilikuwa zake: jogoo mwenye majivuno, kuku wake, mzee mwenye pumu, mtoto anayedeka. Mbele alisimama shemeji na suti yake ya kijani, akibishana na vivuli. Watu walimwona yeye. Makofi alipigiwa yeye. Mdogo wangu alibaki huko nyuma na joto la taa, jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Walikuwa na desturi yao tangu uchumba. Mchezo ukiisha, mdogo wangu anaweka kiganja wazi kwenye kitambaa, na shemeji anaweka chake upande wa pili. Kiganja kwa kiganja. Hapo ndipo taa inazimwa. Kivuli cha mkono wa mdogo wangu ungekijua hata kati ya mikono mia, kwa sababu kidole chake cha mwisho kimepinda kuelekea nje. Mlango ulimbana utotoni.

"Nisipojibiwa sitoki," alikuwa akisema, huku anacheka. "Nitakaa huku huku na jogoo wangu."

Na kulikuwa na ahadi. Siku watakayopata nafasi kwenye tamasha la jumba kubwa la sanaa la mkoa, shemeji atakishusha kile kitambaa mbele ya watu, amshike mkewe mkono, amtoe nje wamwone. Mdogo wangu alishona gauni la siku hiyo, la rangi ya machungwa. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, ndani ya mfuko wa nailoni, miaka na miaka, mpaka mfuko ukapauka.

Nafasi ikapatikana. Mshereheshaji wa tamasha, kwa bahati, nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Wachongaji walikuwa wakipanga vinyago nje, wanakwaya wakigombea kioo kimoja, na mtu fulani, kama ilivyo katika kila tamasha duniani, alikuwa amepoteza ufunguo wa stoo. Nilimkuta shemeji nyuma ya jukwaa, anakaza fremu.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Ah, shem, mafua. Sauti imekauka kabisa. Kaniambia mwenyewe, nenda, nafasi hii usiiache."

"Sasa nani atawika kama jogoo? Mimi? Nitawafukuza watu ukumbini."

Akaipigapiga simu yake kwa kidole. "Nilimrekodi akifanya mazoezi jikoni. Vijiti atashika huyu." Huyu alikuwa mwanamke mmoja mcheza dansi, mwenye mikono miepesi, ambaye aliniamkia vizuri.

"Na kile kitambaa? Si ulisema utakishusha?"

"Mwakani, shem." Akanishika bega. "Ila leo nitangaze mimi peke yangu. Waandaaji wanapenda mtu mmoja, sauti kumi. Ukileta habari za watu wawili utawachanganya."

Nilimwamini. Mtu aliyelibeba jeneza la mama yako begani, unaanzia wapi kumshuku?

Basi nikapanda jukwaani, nikavuta tumbo ndani kadiri lilivyokubali, nikasema, "Mtu mmoja, sauti kumi! Na mke mmoja tu, maana akiongeza wa pili zitakuwa ishirini!" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka.

Mapazia mazito yakavutwa, alasiri ikageuka giza. Taa ya nyuma ikawaka. Jogoo akatokea kwenye kitambaa, sauti ya mdogo wangu ikawika, na watoto wa mstari wa mbele wakashangilia. Nilisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, nikinywa maji. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Labda mikono ya yule dansa ilikuwa nzito kidogo, jogoo akichechemea pale alipotakiwa kuringa.

Halafu jogoo akaanza kuringa.

Shingo ikanyooka. Mabawa yakapigwa kwa ule mtindo wa mdogo wangu, mara mbili haraka na moja ya uvivu. Nikatabasamu, nikajisemea, kumbe binti anajua.

Mtu akanigusa kiwiko.

Alikuwa yule dansa. Mikono mitupu.

"Kaka," akanong'ona, "kuna mtu kanipokonya vijiti."

"Mtu gani?"

"Sijamwona. Nimehisi mikono tu. Ya moto."

Nikatazama kitambaa. Jogoo alikuwa anacheza. Kuku akaingia. Nikamtazama fundi sauti, aliyeketi hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa ameinua simu ya shemeji juu ili niione. Kioo chake kilikuwa cheusi. Waya ulikuwa umechomolewa.

Na kuku alikuwa anaongea.

"Mume wangu," alisema, kwa sauti ya mdogo wangu, "mbona uliniambia paa la ukumbi linavuja?"

Watu wakacheka. Watoto wakaangalia juu. Paa lilikuwa zima.

Shemeji hakucheka. Maneno hayo hayakuwemo katika mchezo.

"Uliniambia tamasha limeahirishwa," kuku akaendelea, taratibu. "Nimepika, nimefua, nimekusubiri. Ulisema unakwenda kumwona fundi seremala."

Ukumbi ukazidi kucheka. Mimi nikaishusha chupa ya maji. Hakukuwa na mafua. Hakukuwa na ruhusa. Alikuwa amemfungia mke wake nje ya siku yake mwenyewe, na mimi, ndugu yake wa damu, ndiye niliyepewa kipaza sauti niufunge mlango kwa vicheko.

"Lini unanitoa?" kuku akauliza.

Shemeji akageuka kumtazama fundi sauti.

Vikaragosi vikateremka, kimoja baada ya kingine. Kitambaa kikabaki cheupe. Kisha, polepole, kiganja kikaja. Wazi. Kidole cha mwisho kimepinda.

Watu wakapiga makofi. Shemeji akarudi nyuma. Kiganja hakikuondoka. Makofi yakapungua, yakaisha. Kiganja kilikuwepo.

"Mpe mkono!" mtoto akapiga kelele. Wenzake wakadakia. "Mpe mkono! Mpe mkono!" Ukumbi mzima, wazazi na watoto, kwa furaha.

Akanitazama. Nilimwona anatafuta utani wangu, ule wa kumwokoa mtu jukwaani. Sikuwa nao.

Akaweka mkono.

Taa ikazimika. Hakuna aliyeizima. Gizani nikasikia mtu akivuta pumzi, kama aliyetumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Nikapapasa ukutani, nikawasha taa za ukumbi. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, kiganja kwenye kitambaa, anavuta mkono na mkono hautoki. Kisha ukaachia. Nilikwenda nyuma. Kiti kilikuwa kitupu, cha moto. Vikaragosi vimelazwa kifudifudi, kama alivyozoea kuvilaza.

Nilimpigia simu mdogo wangu hapo hapo. Ililia sana.

"Kaka." Sauti nzito ya usingizi. "Nimelala mchana, mimi! Sijui imekuwaje."

"Uko nyumbani?"

"Niende wapi? Si tamasha limeahirishwa?" Nikamsikia akikaa kitandani. "Kaka. Eti akiongeza mke wa pili sauti zitakuwa ngapi?"

Nikakiweka kipaza sauti chini.

"Hata wewe," akasema. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepona. Kisha, kwa mshangao mdogo, "Mbona nimelivaa hili gauni?"

Alihamia kwangu wiki hiyo. Hakumfokea mumewe, hakumtukana. Nilimweleza jinsi nilivyodanganywa, akasema anajua, akaniwekea chai. Lakini hacheki tena utani wangu, na mke wangu anasema hata yeye hakuwahi kuucheka, basi tunabaki hapo.

Shemeji bado anazunguka na suti yake ya kijani, ila vivuli hachezi. Nilikutana naye kituo cha mabasi, jua kali. Akanipungia mkono wa kulia. Nikatazama chini, kwenye lami. Kilikuwepo kivuli cha kichwa chake, cha bega, cha mkono mpaka kwenye kifundo. Hapo kikaishia.

Kitambaa ninacho mimi, nyumbani. Kina alama, kijivu, ya kiganja chenye kidole kilichopinda. Mke wangu amekifua, amekichemsha, amekianika. Haitoki. Nilitaka kukichoma moto. Mdogo wangu alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho.

"Usikichome," alisema. "Mimi bado sijatoka."

Nikakikunja, nikakirudisha kabatini. Juzi nilikikunjua tena, mchana kweupe, dirisha wazi. Zamani kilikuwa kiganja wazi. Sasa vidole vimekunjwa, na katikati yake zinachomoza ncha za vidole vingine, vinene, vya mwanamume. Kile kilichopinda ndicho kilichobana zaidi.